Babu yako alikuwa shujaa? Namna ya kumtafuta, na kwa nini elfu tano yako ibaki mfukoni

Najua mlioko hapo kafe dakika zinakimbia, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye mada.

Kuna jamaa alipita mitaa yetu ya huku Chapwa, kavaa koti, kwapani kabana daftari kubwa la jalada gumu. Anabisha hodi, anaamkia vizuri, anakaribishwa kiti. Halafu anatoa habari: Ujerumani inalipa fidia wajukuu wote wa mashujaa wa vita ya Mjerumani, majina yanakusanywa, mwisho wiki ijayo, ada ya kuandikishwa shilingi elfu tano tu. Shangazi yangu akalipa. Akawalipia na wanawe wawili. Elfu kumi na tano ikaondoka hivyo, na namba ya simu aliyoacha jamaa haipatikani mpaka kesho.

Simcheki shangazi. Kilichomfanya alipe siyo tamaa peke yake. Jamaa alimuuliza, "Mama, babu yenu aliitwa nani, na kwenye vita alifanya nini?" Shangazi akaanza kueleza, akajikuta anajua robo tu ya habari. Akaona aibu mbele ya mgeni. Jamaa akamwambia usijali mama, hapa nitakuandikia "askari shujaa". Ndo hivyo, ukoo wetu ukapata shujaa kwa elfu tano.

Mimi nikasema hapana, kama tuna shujaa basi tumjue mwenyewe. Nimehangaika na hili jambo miezi kadhaa, nimeuliza wazee, nimesoma, nimekaa kafe mpaka mwenye kafe akawa ananiita profesa. Nilichokipata naandika hapa ili na wewe usianzie sifuri.

Kwanza huu uvumi wa fidia umetoka wapi? Haukutoka hewani, una mizizi. Miaka ya 1960 Ujerumani Magharibi iliwalipa askari wazee waliokuwa wamepigana upande wa Mjerumani na bado walikuwa hai. Habari ile ikabaki vichwani mwa watu. Halafu Novemba 1, 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea kwenye Makumbusho ya Majimaji, akakutana na familia ya Nduna Songea Mbano na akaomba msamaha kwa yale waliyofanya Wajerumani. Aliahidi pia kusaidia kulitafuta fuvu la Nduna Songea. Hakutangaza malipo kwa mjukuu mmoja mmoja. Lakini ukishasikia "Mjerumani kaomba msamaha", kwa mtu wa daftari hapo pana biashara.

Kwa ambao historia ya shule imewatoka: vita ya Majimaji ilianza Julai 1905 kwenye milima ya Wamatumbi, ikasambaa kusini yote mpaka 1907. Waliokufa, wengi kwa njaa baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala, wanakadiriwa kufika hata 300,000. Kwa Wangoni ilikuja kuishia kwenye kitanzi. Februari 27, 1906 walinyongwa Songea viongozi na wapiganaji wengi kwa mpigo, akiwemo Nkosi Mputa Gama, wakazikwa kaburi la pamoja. Nduna Songea Mbano alinyongwa siku chache baadaye, na familia inaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani.

Mambo ya mafuvu si hadithi za vijiweni. La Mkwawa lilirudi mwaka 1954, liko Kalenga, Iringa, unaweza kwenda kuliona. Na Septemba 2023 taasisi ya Berlin inayosimamia makumbusho ya kule ilitoa matokeo ya utafiti wa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki. Zaidi ya 200 yalitoka maeneo ambayo leo ni Tanzania. Walichukua vipimo vya vinasaba, wakalinganisha na watu walioko hai huku, na fuvu moja likaoana na ukoo wa Akida, mshauri wa Mangi Meli wa Old Moshi. Mangi Meli mwenyewe alinyongwa Machi 1900. Sasa angalia hapo: ile familia haikupatikana kwa sababu ililipa ada. Ilipatikana kwa sababu miaka yote walikuwa wanajua babu yao ni nani, aliitwaje, aliuawa wapi. Bila yale majina, maabara ya Berlin ingempima nani?

Haya, turudi nyumbani. Hapa Chapwa tumechanganyika, si unajua mji wa mpakani. Wapo Wangoni, Wabena, Wahehe waliokuja na biashara. Hao barabara yao ya kumtafuta shujaa inaelekea Songea, Njombe au Iringa na imeshakanyagwa. Lakini sisi wenyeji, Wanyamwanga na Wanyiha, Majimaji haikufika kwetu. Ndo maana kwenye orodha za mashujaa hutuoni, na vijana wengi wanadhani babu zetu walikuwa wamekaa tu wanapiga pombe ya ulezi wakati wenzao wanapigana.

Si kweli. Vita ilitufuata yenyewe. Mpaka huu tunaouvuka kwenda Nakonde kununua vitu Wazungu walikubaliana mwaka 1890, wakaja kuupima mwaka 1898, ukoo mmoja ukakatwa katikati. Ilipozuka vita yao mwaka 1914, mstari ule ukageuka uwanja wa mapambano. Mwaka 1916 Waingereza walivuka kutoka huko Zambia na Malawi za leo wakaingia kwetu. Na mwishoni kabisa, Novemba 1918, jeshi la Mjerumani chini ya von Lettow-Vorbeck lilipita Mbozi, likaishambulia boma ya Waingereza ya Fife, ambayo ipo ng'ambo tu hapo upande wa Nakonde, halafu likashuka mpaka Kasama. Vita Ulaya ilikuwa imeisha Novemba 11, wao walikuwa bado wanapigana huku. Walijisalimisha Novemba 25, 1918 mjini Abercorn, ambayo leo ni Mbala. Kwa hiyo vita kuu ya kwanza ya dunia iliishia jirani yetu, na mtoto wa Tunduma anaijua Stalingrad kuliko Fife.

Na nani aliibeba vita hiyo? Hakukuwa na barabara wala reli huku (TAZARA imejengwa miaka ya 1970), na wanyama wa mizigo walikufa kwa ndorobo. Risasi, unga, mahema, mpaka bunduki kubwa, vilibebwa kichwani na watu. Upande wa Mwingereza walioitwa huku tengatenga. Upande wa Mjerumani wapagazi, wengi walikamatwa tu kijijini, wakafungwa kamba. Waingereza peke yao kwa Afrika Mashariki yote walitumia wabebaji kama milioni moja, na vifo vilivyoingia kwenye hesabu zao ni karibu 95,000. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa njaa, kuhara na homa.

Majina yao? Hapa ndipo nilipoumia. Ile sanamu ya askari mwenye bunduki katikati ya Dar es Salaam, ya mwaka 1927, inawakumbuka wote na haimtaji hata mmoja. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti yake yenyewe ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Wazungu waliokufa vita hiyohiyo kwa kawaida waliandikwa majina, kwenye jiwe la kaburi au kwenye mnara.

Kwa hiyo mdau, ukiwa mtu wa huku na unamtafuta babu wa vita, usianze na intaneti ukitegemea utaandika jina litokee. Utapoteza hela ya kafe. Anza na wazee, na anza na wanawake. Nasema kwa uzoefu. Wazee wa kiume walinipa majina ya machifu na ya kwao wenyewe. Bibi mmoja, dada wa babu yangu, ndo aliyenipa nani alimuoa nani, nani alihamia Nakonde kwa ajili ya nini, na mtoto gani alizaliwa mwaka wa njaa. Mzee akishazoea, mwache aongee, rekodi kwa simu ukimwomba ruhusa, na usimkatishe kumuuliza "mwaka gani?" Hajui mwaka, wala siyo kosa lake. Muulize ilikuwa kabla au baada ya nini: baada ya vita, wakati wa homa kubwa iliyoua watu mwishoni mwa 1918, wakati wa nzige wekundu wa miaka ya 1930, kabla ya reli ya Mchina. Miaka utaipanga mwenyewe baadaye.

Misiba nayo usiidharau. Kwetu ukitaka kusikia ukoo unavyopangwa, kaa msibani wakati wazee wanagawana kazi na kueleza marehemu ni wa nani. Kaa kimya, sikiliza, andika ukirudi nyumbani. Usitoe daftari pale, watakuona mtu wa ajabu.

Halafu majina ya huku yana ufunguo ambao wengi hamuutumii. Kwa Wanyamwanga mwanaume ni Si-, mwanamke ni Na-. Kaka ni Simukonda, dada ni Namukonda. Kaka Simwanza, dada Namwanza. Ukitafuta kwenye kitabu chochote ukaangalia Si- peke yake umewaacha nusu ya ndugu zako nje. Na karani alikuwa anaandika anavyosikia. Mimi nimekuta jina letu limeandikwa kwa namna tatu, na kitambulisho changu cha NIDA kina ya nne!

Vitabu vyenyewe viko wapi? Makanisa. Wamoraviani wako Mbozi tangu mwisho wa karne ya 19, na Waskoti walikuwa na misheni Mwenzo, ng'ambo karibu na Nakonde, tangu miaka ya 1890. Misheni huandika ubatizo na ndoa, na kwenye ubatizo huwa kuna jina la baba. Nenda kwa heshima, jitambulishe, eleza ukoo wako, omba kuonyeshwa. Wengine watakuzungusha. Mimi mahali pamoja (sipataji) nilirudishwa mara nne, ya tano nikaenda na baba mkubwa aliyevaa suti, nikafunguliwa kabati. Ndo nchi yetu, vaa vizuri.

Kwa mwenye nauli ya Dar, kuna Nyaraka za Taifa. Huko zimehifadhiwa kumbukumbu za serikali ya Mjerumani, na pia vitabu vya wilaya ambavyo ma-DC wa Kiingereza waliandika historia za makabila, orodha za machifu na nani alirithi wapi. Soma ukijua kwamba DC aliandika alichoambiwa na chifu aliyekuwa naye mezani, na chifu yule naye alikuwa na wapinzani wake. Na wenye asili ya kusini mkumbuke kwamba mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipelekwa vijijini kuwahoji wazee waliokuwa bado wanaikumbuka Majimaji, chini ya Gilbert Gwassa na John Iliffe. Inawezekana kabisa babu yako alihojiwa na wewe hujui.

Ngoja pia niseme kuhusu neno lenyewe, mzalendo. Tumezoea awe na mkuki. Mwaka 1923 pale Mwenzo mwalimu mmoja Mnyamwanga, Donald Siwale, pamoja na wenzake akiwemo David Kaunda, baba yake Kenneth Kaunda, walianzisha chama cha kutetea masilahi ya wenyeji mbele ya serikali ya Mwingereza. Wengi wanakihesabu kuwa chama cha kwanza cha namna hiyo katika nchi iliyokuja kuwa Zambia. Hakuna bunduki pale, barua na vikao tu. Akina Siwale wamejaa Tunduma hii, wanauza simu, wanabadilisha kwacha, na wengine nilipowatajia hiyo habari walidhani natunga.

Sasa babu yangu mimi. Nilimpata, kwa sehemu. Baba wa babu yangu hakuwa askari, shujaa wala nini. Alikuwa tengatenga. Alichukuliwa akiwa kijana, akabeba mzigo wa unga siku nyingi kuelekea kusini, na usiku mmoja akautua mzigo, akatoroka, akajificha kwa wajomba ng'ambo ya mpaka mpaka vita ikaisha. Nilipolisoma hilo kwenye kikao cha ukoo palichafuka. Baba mdogo mmoja akasema hilo lisiandikwe, mtoro si shujaa, watoto watatuchekaje. Mwingine akasema tuandike tu "alipigana vita ya kwanza ya dunia", nani atajua? Nikawaza, hii ndo ileile ya yule jamaa wa daftari, tofauti ni kwamba sasa tunajidanganya bure bila kulipa.

Bibi ndo aliyemaliza ubishi. Akasema, "Vita haikuwa yake. Angebeba mpaka mwisho angefia porini, na ninyi mnaogombana hapa msingekuwepo." Baba mdogo alinuna, lakini imeandikwa: tengatenga, alitoroka. Kwa maoni yangu mtu aliyegoma kufa kwa ajili ya ugomvi wa Wazungu wawili hana cha kuonewa aibu. Najua wapo watakaonipinga, karibuni.

Na wewe ujiandae, manake unaweza kukuta kigumu zaidi. Unaweza kukuta babu alikuwa askari wa Mjerumani, mmoja wa waliochoma maghala. Walikuwepo wengi na wana wajukuu. Andika hivyohivyo.

Kujiunga sasa. Vikundi vya ukoo vipo vingi kuliko unavyodhani, ila havina matangazo. Vinakutana mwisho wa mwaka watu wakirudi nyumbani, vinachangishana, vinasafisha makaburi, vinasomesha mayatima wa ukoo, na siku hizi vina magrupu ya WhatsApp. Vijana tunavikimbia tukidhani ni vya wazee wa kugombea mirathi. Ukweli wanakuhitaji, wanatafuta mtu wa kuandika. Kikao changu cha kwanza niliingia kama mtoto wa kutumwa soda, cha pili nikawa katibu, basi tu kwa kuwa nina mwandiko unaosomeka.

Mwenye asili ya Songea, kila mwaka mwishoni mwa Februari kuna maadhimisho pale makumbusho, kilele ni tarehe 27. Wazee wa mila wanafanya mambo yao kaburini, kuna gwaride, ngoma za lizombe na ligihu, na watu wanapelekwa pango la Chandamali alikojificha Nduna Songea. Huhitaji kadi ya mwaliko. Kutoka hapa unapanda gari la Mbeya, Makambako, Njombe, unashuka, siku nzima imekwisha. Nenda ukaseme jina lako la ukoo kwa wazee uone litakavyopokelewa. Siku ya Mashujaa ya taifa ni Julai 25, hiyo ni ya wote, na kama babu au baba yako alikufa vita ya Kagera ya 1978 na 1979, makaburi ya Kaboya kule Kagera yana majina. Hao angalau waliandikwa. Na Wanyamwanga, ng'ambo ya Nakonde kuna sherehe ya Mulasa, ya watu wa Chifu Nawaitwika. Mpaka upo, lakini ngoma ni moja. Chukua karatasi yako ya kuvukia, usipite njia za panya ukaja kunilaumu.

Tahadhari. Kikundi cha kweli kina wazee unaoweza kuwafuata nyumbani kwao, kina daftari la mapato linalosomwa mbele ya watu, na hakikuahidi hela ya kutoka nje. Ukisikia "fidia" na "mwisho wiki ijayo" katika sentensi moja, funga mlango. Vilevile kuwa macho na wanaotaka mti wa ukoo kwa ajili ya kesi ya shamba. Hapa Chapwa viwanja vimepanda bei, na kuna watu wanaotafuta babu siku hizi huku wanatafuta beacon. Ukiombwa kusaini karatasi yenye majina ya ukoo, isome yote kwanza.

Shangazi hajarudishiwa hela yake. Ila tumemwandikia kwenye daftari letu wenyewe ukoo wote aliokuwa anaukumbuka, majina 41, bure, na ameagiza nakala mbili zichapwe.

Nina ombi moja. Mwenye bibi au babu anayekumbuka jina lolote la tengatenga aliyechukuliwa pande hizi, Chapwa, Mpemba, Ndalambo, Msangano, Mbozi au ng'ambo Nakonde, aliweke hapo chini kwenye maoni: jina, kijiji, na nani alikusimulia. Hata kama ni jina moja lisilo na la pili. Ninayo 6 mpaka sasa.